Machapisho 37 ya daktari ambaye bado hajahitimu

Machi 2024, wanafunzi wa udaktari wa Marekani waliopata nafasi za kusomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo walikuwa wameorodhesha, kwa wastani, kazi 37 za utafiti kila mmoja. Miaka miwili nyuma wastani ulikuwa 25. Hawa ni watu ambao bado wanazunguka wodini na kufanya mitihani. Kazi zote hizo wamezifanya saa ngapi?

Sehemu ya jibu imo kwenye hesabu yenyewe. NRMP, taasisi inayooanisha waombaji na hospitali, hujumlisha makala, mihtasari na mawasilisho ya mikutanoni. Utafiti mmoja ukiwasilishwa kwenye mikutano miwili kisha ukachapishwa, unaweza kuhesabiwa mara tatu.

Sehemu nyingine ni mtihani. Tangu Januari 2022, Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, haitoi tena alama. Ni kufaulu au kufeli. Alama zile zilikuwa chekeche la haraka kwa mkurugenzi wa mafunzo aliyeletewa mamia ya maombi kwa nafasi chache. Chekeche limeondolewa, maombi bado ni mengi. Ni kweli kwamba idadi ya machapisho ilikuwa ikipanda hata kabla ya hapo, ila sasa ina uzito zaidi.

Wanaoyatetea machapisho wana hoja nzito. Bingwa asiyeweza kupima ubora wa utafiti ataandika dawa kwa kumwamini aliyekuja kuinadi. Mwanafunzi aliyekusanya takwimu, akarudishiwa makala na wahariri, akarekebisha na kutuma tena, ameonja kazi ambayo mtihani wa kuchagua jibu haumwonjeshi. Na kwa mhitimu wa Muhimbili au Makerere anayeomba huko, ambaye mkurugenzi hakijui chuo chake, makala aliyoiandika pamoja na profesa wa Marekani humfungulia mlango ambao cheti pekee kisingeufungua.

Lakini makala hiyo hupatikanaje? Mara nyingi kwa kukaa mwaka mzima maabara, pengine bila mshahara, huku kodi ya nyumba ikidaiwa kila mwezi. Mtoto wa mkulima hana mwaka wa namna hiyo, hata awe hodari vipi. Hapa ndipo ninapokasirika: tunadhani tunapima udadisi, kumbe tunapima mfuko wa mzazi. Halafu zipo ripoti za mgonjwa mmoja zenye majina kumi ya waandishi, zinazoandikwa ili orodha irefuke. Mgonjwa hanufaiki nazo.

Muhimbili, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya udaktari hufanya utafiti wake akiwa ndani ya mafunzo, chini ya msimamizi, na swali anaweza kulichukua kwa wagonjwa anaowahudumia. Naona mpangilio huo una mantiki zaidi kuliko kudai utafiti mlangoni.

Kwa hiyo sitaki utafiti uondolewe. Nataka kuhesabu kuondolewe. ERAS, mfumo wa maombi wa huko, tayari umeweka kikomo cha shughuli 10, na mwombaji hueleza kwa kina 3 zilizomgusa zaidi. Machapisho hayana kikomo hicho. Yangewekewa 3 tu, na kwenye usaili mwombaji aulizwe: wewe binafsi ulifanya nini, kwa nini mlichagua njia ile ya kuchambua takwimu, na leo ungebadilisha nini? Aliyetoa jina tu atakwama kwenye swali la kwanza.