Nunavut bila barabara: nauli apange nani?

Tangu tarehe 1 Julai 2025, shirika la ndege la Canadian North si mali ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, tena. Wenye shirika walikuwa wawili: Makivvik, inayowawakilisha Wainuit wa Nunavik kaskazini mwa Quebec, na shirika la Wainuvialuit, yaani Wainuit wa upande wa magharibi. Waliliuza kwa kampuni ya Exchange Income Corporation ya mji wa Winnipeg kwa dola milioni 205 za Kanada. Ukiitazama kama biashara, ni habari ya kurasa za ndani. Kwa mtu wa Nunavut, eneo la Wainuit huko kaskazini ya mbali ya Kanada, ni sawa na kuambiwa kwamba barabara ya kutoka kijijini kwenu imenunuliwa.

Neno barabara silitumii kwa mapambo. Nunavut, iliyozaliwa mwaka 1999, ni kubwa zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lakini watu wake ni kama 40,000 tu, nao wametawanyika katika miji na vijiji 25. Hakuna viwili vilivyounganishwa kwa barabara, na hakuna barabara ya kwenda kusini. Meli huingia miezi michache ya kiangazi barafu ikiachia, zikashusha saruji, mafuta, magari na vyakula visivyooza. Maziwa, matunda, dawa, mwalimu mpya na jeneza la ndugu aliyefia Ottawa vinakuja kwa ndege. Hospitali ni moja tu, Qikiqtani, iliyoko mji mkuu, Iqaluit. Mama mjamzito wa kijiji cha mbali hupandishwa ndege wiki kadhaa kabla ya siku zake, akasubiri uchungu ugenini, mbali na mama yake na watoto aliowaacha nyumbani.

Mashirika makubwa ya ndege yalikuwa mawili, First Air na Canadian North. Makivvik ilikuwa na First Air tangu 1990. Yalifuatana katika ruti zile zile, yakigombania abiria wale wale. Mwaka 2018 wenye mali wakakubaliana kuyaunganisha. Februari 2019 Ofisi ya Ushindani ya Kanada ikaonya kwamba muungano huo ungeua ushindani na kumwacha msafiri bila pa kukimbilia. Miezi michache baadaye serikali iliuruhusu hata hivyo, kwa masharti juu ya nauli na ratiba, na shirika lililotoka humo likabaki na jina la Canadian North.

Nianze na upande wa waliounga mkono muungano, kwa sababu hoja yao hupuuzwa na watu ambao hawajawahi kukitazama kiwanja cha ndege cha huko. Ndege iliyolijenga kaskazini hili ni Boeing 737-200. Isogelee kwa mbele: kwenye gurudumu la pua kuna bamba bapa la kuzuia kokoto zisirukie tumbo, na chini ya kila injini kumechomoza kamrija kanakopuliza hewa ili injini isifyonze mawe. Vifaa hivyo vilifungwa kwa kuwa viwanja ni vya changarawe. Boeing iliacha kuitengeneza ndege hiyo mwaka 1988, na zilizoifuata zina injini kubwa zinazokaribia ardhi, haziwezi kutua kwenye kokoto. Katika Nunavut, lami iko mahali pachache, kama Iqaluit na Rankin Inlet. Vijiji vingine hutegemea ndege za pangaboi, kama ATR 42, ambazo abiria wa Precision Air wanazijua. Mara nyingi nusu ya mbele ya ndege imejaa mizigo na abiria wamebanwa nyuma. Hali ya hewa ikichafuka, ndege hailali hapo peke yake: rubani analala, mgonjwa anangoja, na mboga zinaganda.

Katika mazingira hayo, mashirika mawili maana yake ni mahangari mawili, mafundi wa aina mbili, ndege za akiba mara mbili, na viti vitupu ambavyo gharama yake inaishia kwenye tiketi ya aliyepanda. Na mshindani anayetoka nje huchagua palipo na nyama. Mwaka 2010 Air Canada, kupitia shirika mshirika la Jazz, ilianza kuruka Ottawa hadi Iqaluit, ruti yenye abiria wengi. Mwaka uliofuata ikaondoka. Vijiji vya ndani haikuvigusa. Kwa hiyo, soko pekee haliwezi kuwafikisha watu wa Grise Fiord, kijiji cha kaskazini kabisa, hospitali, na nakubaliana na hilo bila kinyongo.

Lakini hoja hiyo ina mwisho wake. Ukimpa mtu mmoja njia yote, lazima umfunge kamba, na kamba ya Kanada imekuwa ikilegea. Mwaka 2023, baada ya janga la korona kulitikisa shirika, masharti ya 2019 yalibadilishwa: faida isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na nauli zisipande kwa wastani wa zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka. Asilimia 25! Kwa tiketi ambayo tayari inagharimu mamia, hata maelfu, ya dola, hicho si kizuizi, ni ruhusa.

Halafu likaja la umiliki. Wanaolilia shirika kutoka mikononi mwa Wainuit wana uchungu wa haki, ila picha haikuwa safi hivyo. Nunasi, kampuni ya Wainuit wa Nunavut, iliuza hisa zake katika Canadian North mwaka 2014. Tangu hapo wenye mashirika yale mawili, na baadaye muungano wao, walikuwa Wainuit wa Quebec na wa magharibi, huku ruti nyingi zikiwa za Nunavut. Hata hivyo, mwenye shirika ambaye shangazi yake hupanda ndege hiyo hiyo huulizwa maswali msibani na kanisani. Mwenye hisa wa Winnipeg au Toronto haulizwi na mtu. Na mnunuzi huyu tayari ana Calm Air, inayohudumia eneo la Kivalliq, ndani ya Nunavut. Hivyo mashirika hayo mawili sasa yako chini ya paa moja.

Mimi nisingepigania kurudisha mashirika mawili. Ningepigania kiti cha mtu anayelipa mwenyewe. Sehemu kubwa ya abiria wa kaskazini ni wagonjwa na wafanyakazi ambao nauli yao inalipwa na serikali au mwajiri. Serikali ndiyo mteja mkubwa, na mteja mkubwa ana sauti: inaweza kudai, ndani ya mkataba ule ule wa kusafirisha wagonjwa, idadi ya safari za kila kijiji na bei ya juu kwa abiria wa kawaida. Norway hufanya jambo linalofanana kwa ruti zake ndogo za kaskazini. Huzitangaza kwa zabuni, ikapanga ratiba na nauli, kisha ikalipa pengo.

Wakati shirika lilipokuwa la Wainuit, kulikuwa na nauli ya punguzo, iliyoitwa Ilak, kwa Wainuit wanaotambuliwa na mikataba yao ya ardhi na serikali. Ilikuwa bei ya kampuni, na bei ya kampuni inaweza kufutwa Jumatatu asubuhi. Iandikwe kwenye mkataba wa serikali, kwa dola na senti, pamoja na kiti cha anayekwenda kuzika.