Kadi ya Mantle: dola milioni 12.6 ziko wapi hasa?

Agosti 2022 kipande cha karatasi ngumu kisichofika inchi nne kwa urefu kiliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Ni kadi ya picha ya mchezaji, namba 311 ya kampuni ya Topps, toleo la 1952: Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees, gongo begani, nyuma yake buluu tupu, chini jina lake na nakala ya saini. Muuzaji aliinunua 1991 kwa dola 50,000. Fedha yake ilizaa mara 252.

Anayetaka kucheka ana pa kuanzia. Hii si kadi ya kwanza ya Mantle. Kampuni ya Bowman ilimtoa mwaka mmoja kabla, na kadi hiyo bei yake iko chini sana. Wala si adimu kihivyo. Toleo lile lilitoka kwa mafungu, na katika fungu la mwisho kadi za Mantle na za wachezaji wenzake Jackie Robinson na Bobby Thomson zilichapwa maradufu, kwa hiyo Mantle wapo wengi kuliko wachezaji wasio maarufu wa fungu hilohilo. Anayetafuta uhaba wa kweli aende kwa Honus Wagner, mchezaji wa zamani zaidi, kadi ya pakiti za sigara ya 1909 hadi 1911, ambayo zilizobaki hazifiki mia.

Lakini Wagner hakuna aliye hai aliyemwona akicheza. Mantle wapo waliomwona. Kadi zile ziliuzwa na bigijii kwa watoto, na fungu la mwisho lilichelewa kufika madukani, msimu unaisha, watoto wameshahamia kwenye futiboli ya Kimarekani. Mabaki yakalala ghalani Brooklyn hadi 1960, Sy Berger, aliyesanifu kadi hizo, alipoyapakia kwenye tishari na kuyamwaga Atlantiki, kama alivyosimulia mwenyewe. Zilizokuwa majumbani nazo ziliishia jalalani mama alipofagia chumba. Miaka ya 1980 wavulana wale walikuwa watu wazima wenye fedha, na Mantle alikuwa ameshastaafu na hom rani 536, yaani mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, na mataji saba. Walitaka kilichotupwa kirudi. Hapo siwezi kuwacheka. Nani asiye na kitu chake kilichotupwa bila kuulizwa?

Shida yangu iko kwenye pembe. Kadi ya milioni 12.6 ilipewa alama 9.5 kati ya 10 kwa hali yake. Picha ileile, mwaka uleule, ila pembe zimelika na uso umepauka, inapatikana kwa makumi ya maelfu ya dola. Tofauti yote hiyo inalipiwa ncha nne za karatasi, na penye fedha kama hizo mkasi hauko mbali. Kadi maarufu kuliko zote za Wagner, iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, ilipunguzwa kingo: dalali Bill Mastro alikiri hivyo mwaka 2013. Na walioamini kila kadi hupanda bei wakaficha maboksi ya mwishoni mwa miaka ya 1980, zilipochapwa kadi bila kikomo, leo hawapati hata hela ya boksi.

Watetezi wa alama watasema kitu safi ndicho kinachostahili kutunzwa, na kwa mtunza makumbusho nakubali. Ila tuangalie usafi huo ulikotoka. Kadi ya mnada ule ilitoka kwenye shehena iliyopatikana Massachusetts miaka ya 1980, kadi ambazo hazikuwahi kufika mkononi mwa mtoto. Zilipona kwa sababu hazikuuzwa.

Ningekuwa na fedha ya kuchezea ningenunua iliyochoka, yenye mkunjo unaokatiza kwenye kofia na tundu la pini juu, pale kijana fulani alipomtundika Mantle ukutani, juu ya kitanda chake.