Anayelipa kiwango cha chini si mjinga

Ukitaka kadi yako ya mkopo ijilipe yenyewe kila mwezi, programu za benki za Uingereza hukuletea njia tatu: deni lote, kiasi unachotaja mwenyewe, au kiwango cha chini. Washauri wa fedha humpigia kelele anayechagua hiyo ya tatu. Hesabu zao ni sahihi. Mtu mwenyewe ndiye wanayemsoma vibaya.

Tangu 2011, kwenye kadi mpya, kiwango cha chini lazima kifunike riba na ada pamoja na angalau asilimia 1 ya deni. Chukua deni la pauni 2,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza unakatwa pauni 60: 40 zinakwenda kwenye riba, 20 ndizo zinazopunguza deni. Mwezi wa pili unakatwa 59 na ushee. Deni likishuka na makato yanashuka, na hapo ndipo mtu anapoliwa. Mwenye kung'ang'ania pauni 60 zilezile anamaliza deni mwezi wa 56. Mwenzake aliyeacha makato yapungue, mwezi huohuo bado anadaiwa zaidi ya 1,100. Nusu ya deni lake ataimaliza mwezi wa 69. Na wote walianza na pauni 60! Vikokotoo vya mtandaoni vinakuonyesha haya kwa sekunde chache.

FCA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji nchini humo, ikajaribu dawa iliyoonekana dhahiri. Katika jaribio la wateja zaidi ya 40,000, ambalo matokeo yake yalitoka 2018, baadhi yao walifichiwa njia ya kiwango cha chini walipokuwa wakipanga malipo. Wengi wakahamia kwenye kiasi maalumu, lakini madeni hayakupungua kwa kiasi cha kutajwa. Wengi walitaja kiasi kilichozidi kiwango cha chini kidogo tu, wengine hawakupanga malipo kabisa, na malipo ya mkono, yale mtu anayoingiza mwenyewe akipata pesa, yakapungua.

Hayo malipo ya mkono hayaonekani kwenye lawama za washauri. Fikiria Mswahili anayehudumia wazee huko Leicester kwa mkataba usio na saa za uhakika. Wiki hii kapewa zamu tano, wiki ijayo moja, na Mombasa wanasubiri ada ya shule. Akijifunga kwa pauni 150 kila mwezi, mwezi mbaya makato yatakuta akaunti tupu. Hapo kuna faini ya kuchelewa, kwa kawaida pauni 12, na alama itakayokaa kwenye rekodi yake ya mikopo miaka sita. Kwa hiyo anaweka kiwango cha chini kama kinga, na zamu za ziada zikilipwa anaingiza 200 jioni ileile. Riba huhesabiwa kila siku, hivyo anafanya vyema kutosubiri tarehe ya makato. Kwa riba ya mfano wetu, hizo 200 zinamwondolea takriban pauni 4 kwa mwezi. Kikokotoo cha kawaida hakina pa kuyaandika haya. Kinauliza deni, riba na kiasi kimoja cha kila mwezi, basi.

Sisemi kwamba kila anayechagua kiwango cha chini huongeza chochote. Wapo wanaopanga mara moja wakasahau, na programu inawasaidia kusahau: ujumbe wa "malipo yamepokelewa", alama ya kijani, na riba haitajwi. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2018 FCA iliweka kanuni ya deni sugu: ukiwa umelipa riba na ada zaidi ya ulivyopunguza deni lenyewe kwa miezi 18, mkopeshaji lazima akutafute. Wa kwenye mfano wetu, anayelipa 40 za riba kwa kila 20 za deni, ananaswa moja kwa moja. Lakini miezi 18 ni mingi mno.

Ujumbe ule wa kijani ungeweza kusema mara moja kwamba kati ya 60, riba imekula 40. Na benki inayopokea mshahara wa mtu huku ikimdai kwenye kadi inajua pesa zimeingia lini. Siku hiyo ndiyo ya kumuuliza kama ataongeza pauni 20, si siku ya makato wakati zimeshakwisha.