Nilivyojichangia Sadaka ya Ugonjwa Wangu

Mtu akinenepa katika mji wetu wa Tanga haulizwi kitu. Husifiwa kwamba maji yamemkubali, kwamba mkewe anajua jikoni, na kwamba kazi inalipa. Akikonda ndipo hufunguliwa jalada la uchunguzi, na wapelelezi wake ni kila mtu, kuanzia muuza machungwa wa Ngamiani hadi mtoto wa darasa la tatu ambaye bado anababaika na jedwali la saba.

Mimi nilikonda kwa makusudi. Magoti yalikuwa yakiniuma kila nilipopanda ngazi za shule, presha ilikuwa imeanza kupanda, na daktari aliyenipima aliniambia bila kuzunguka kwamba mtu wa urefu wa mita 1.65 hana sababu ya kubeba kilo 94. Akanionyesha ile hesabu ya kugawanya uzito kwa kipeo cha pili cha urefu, ambayo jibu lake kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida huwa kati ya 18.5 na 24.9, na ambayo kwangu ilileta 34.5. Akaongeza kwamba kila kilo moja ninayoipunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Ukitaka kunishinda, njoo na namba. Nikaacha soda, nikaacha sukari kwenye chai, nikapunguza wali wa nazi kutoka mlima hadi kichuguu, chapati za asubuhi nikaziaga kwa majonzi, na kila alfajiri baada ya sala nikawa natembea kutoka Ngamiani hadi Raskazone kutazama bahari na kurudi.

Polepole, kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki na wiki nyingine bila hata hiyo, nilifika kilo 77. Kwa hesabu yangu, kila goti lilikuwa limeshusha mzigo wa kilo 68 kwa hatua, yaani lilikuwa limemteremsha mtu mzima aliyekuwa akipanda bure. Kwa hesabu ya daktari, bado nilikuwa na kilo kama tisa za kupunguza. Kwa hesabu ya mtaa, nilikuwa nimebakiza siku chache.

Tatizo la kwanza lilikuwa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na yangu inafahamika. Sasa mtu mwenye baiskeli akionekana anakwenda kwa miguu kila siku, tena kwenye barabara inayopita karibu na Hospitali ya Bombo, watu hawasemi kwamba anafanya mazoezi. Husema kwamba ameiuza ili anunue dawa. Muuza nyama wangu alikwenda mbali zaidi, akawanong'oneza wateja kwamba mwalimu amekanyaga miwaya. Mama mmoja wa jirani aliniita hadi barazani kwake, akanishika mkono, akaupima kwa vidole viwili, kisha akasema kwa huruma ya kweli: "Mwanangu, umekuwa ng'onda." Nilimjibu kwamba sijambo. Akasema, "Hata marehemu mume wangu alikuwa akisema hivyo hivyo."

Siwalaumu moja kwa moja. Watu wa umri wetu tunaikumbuka miaka ile kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure nchini, mwaka 2004, tulipokuwa tukimwona mtu anapungua, anapungua, kisha tunaitwa kuzika. Isitoshe, kukonda bila sababu ni jambo la kumpeleka mtu hospitali, maana kifua kikuu hukondesha, na kisukari hukondesha. Ila mimi sababu nilikuwa nayo, na nilikuwa tayari kuieleza kwa mtu yeyote, hata kwa chaki. Nilimweleza mwalimu mwenzangu ile hesabu yote ofisini, hatua kwa hatua, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatoka nje na kuwaambia wenzetu kwamba ugonjwa umeshafika kichwani.

Aliyeumia zaidi ni mke wangu. Mimi nilikuwa naulizwa ninaumwa nini, yeye alikuwa anaulizwa ananilisha nini. Shangazi yangu alipanda basi kutoka Pangani akiwa na kuku wawili hai na kibuyu cha samli, akaingia jikoni bila kuvua hata ushungi, akafunua sufuria, akakuta mchicha na samaki wa kuchoma, akalifunika tena taratibu mithili ya mtu aliyeona aibu ya wenyewe. Usiku ule mke wangu alitoa amri. "Kuanzia kesho, mume wangu, usimweleze mtu yeyote chochote. Atakayekuuliza, mjibu Alhamdulillahi, upite."

Lilikuwa shauri zuri, na lingefaa mahali pengine popote. Kwetu pwani, hata hivyo, mzima akiulizwa hali husema hajambo. Anayejibu Alhamdulillahi tu na kukaa kimya hudhaniwa ni mgonjwa aliyekata tamaa. Nikawa natembea mtaani nikiulizwa, "Mwalimu, mbona hivyo, unaumwa?" nami najibu, "Alhamdulillahi." "Umekwenda hospitali?" "Alhamdulillahi." "Wanasemaje?" "Alhamdulillahi." Watu wakawa wananiachia njia. Muuza machungwa akakataa pesa yangu. Nilidhani dawa imefanya kazi, kwa sababu maswali yalikuwa yamekoma.

Ijumaa ikafika. Nilichelewa msikitini, nikapata nafasi nyuma ya nguzo, chini ya feni ambayo kelele zake zinajulikana na waumini wote. Baada ya sala imamu alisimama akatangaza kwamba ndugu yetu mmoja, mtu wa watu, aliyewafundisha watoto wetu, hajiwezi, maradhi yamemdhoofisha, na kwa subira yake hajamlilia mtu yeyote. Jina likamezwa na feni. Akaomba dua ndefu, nami nikaitikia amina kwa sauti, nikimhurumia sana huyo mwenzangu, kwa maana walimu tunajuana kwa shida. Kisha ikapitishwa kofia. Nilitoa noti ya elfu tano, nikaikunja mara nne ili mkono wa kushoto usijue, nikaitumbukiza. Mzee aliyeketi kando yangu aliutazama mkono wangu, akaitazama kofia, akanitazama usoni, na macho yake yakajaa machozi.

"Nani huyo asiyejiweza?" nikamnong'oneza.

Akanibonyeza bega. "Mwalimu," akasema, "Mungu yupo."

Baada ya sala ya alasiri ujumbe wa wazee watatu ulibisha hodi nyumbani. Maji yalikuwa yamekatika mtaani tangu asubuhi, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza ninatoka kisimani nikiwa na dumu la lita ishirini kila mkono, jasho likinitiririka. Wakapiga kelele kwa pamoja. Mhasibu wa kamati, ambaye ni mtu wa kifua kipana na tumbo linalomtangulia, alinipokonya madumu yote mawili kwa haraka ya mtu anayeokoa maisha, akapiga hatua nne kuelekea mlangoni, akayaweka chini, akashika kiuno, kisha akaketi kwenye kizingiti akihema huku amefumba macho. Ikabidi mimi, mgonjwa, nimpepee kwa mkeka, nimchotee maji ya kunywa, na niyaingize madumu ndani mwenyewe huku wenzake wawili wakinitazama bila kusema neno.

Ndipo wakanikabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na shilingi 186,000, noti na sarafu, na katikati yake, ikiwa bado imekunjwa mara nne, elfu tano yangu.

Niliwaeleza kila kitu. Nililetewa kanzu yangu ya zamani, nikaivaa mbele yao, wakaona wenyewe jinsi ambavyo tungeweza kuingia wawili. Mke wangu alileta kitabu cha kliniki chenye vipimo vya presha, ambavyo vilikuwa vinashuka mwezi hadi mwezi. Wazee walikisoma kwa zamu, wakarudishiana, wakashauriana kwa macho. Nilipotaka kuwarudishia bahasha walikataa katakata kwa kuwa sadaka hairudi ilikotoka, na nilipoomba angalau niitoe elfu tano yangu mwenyewe, mhasibu alisema kwamba hiyo ndiyo isiyorudi kabisa. Tukaafikiana kwamba pesa ziende kwenye pampu ya maji ya kutawadhia, iliyokuwa imeharibika, pamoja na fundi wa feni.

Ijumaa iliyofuata feni ilikuwa imetengenezwa, kwa hiyo kila neno la imamu lilisikika hadi barabarani. Alitangaza kwamba ndugu yetu mwalimu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na kwa dua zenu, amepona. Takbiri zikapigwa. Nilisimama kutaka kueleza kwamba sikuwa nimeumwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kunizunguka wakinipongeza, na wengine walikuwa wanataka kujua mganga wangu anakaa wapi.

Nilipotoka nje nilimkuta mhasibu akinisubiri kwenye viatu. Alinivuta pembeni, akahakikisha hakuna anayesikia, akajishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mwalimu, sema kweli. Ulitumia nini?"

Nikamwambia: kutembea hadi Raskazone kila alfajiri, chai bila sukari, na chapati kwa sikukuu tu.

Akawaza sana. "Na hiyo dawa," akauliza, "haipatikani ya vidonge?"