Nikishika Ufunguo Linawaka, Nikiachia Linazima

Nina mkweche wa mwaka 1968, umenizidi umri kwa miaka sita. Hapa Houston hawauiti mkweche, wanauita klasiki, na neno hilo moja limekula mishahara yangu. Kampuni siitaji, mgonjwa hasemwi. Wajuzi wataujua kwa injini: silinda sita zilizolala upande nyuzi 30, kama mlevi aliyeegemea nguzo. Kila mtu ananiambia injini hiyo haifi. Kweli haifi. Inazimia tu.

Jumamosi tunakwenda harusini, Mama Zuhura kajipara hadi vidole vya miguu. Nazungusha ufunguo, gari linanguruma. Naachia, kimya. Nazungusha tena, linanguruma. Naachia, kimya.

"Baba Zuhura, si uushike tu huo ufunguo mpaka tufike?"

Nikamweleza kwamba nikiushika, stata nayo itaungua. Akasema iungue, tupate sababu ya kuita teksi.

Siku mbili sikulala. Nimebadilisha plagi, nimesugua pointi za kuwashia kwa msasa, kabureta nimeifungua yote juu ya gazeti mpaka mtoto akauliza nani anapika petroli. Wapi! Kumbe mchawi ni kijidude cha kauri, urefu wake kama kidole, kimefungwa kwenye bati nyuma ya injini. Kazi yake kupunguza umeme unaokwenda kwenye koili, ile inayozipa plagi cheche. Unapopiga stata umeme unakiruka, ndiyo maana gari linawaka. Ukiachia ufunguo, umeme sharti upite kwake, naye kaungua zamani. Bei yake haifiki sahani ya biriani!

Aliyenionyesha ni mzee jirani, mstaafu, mwenye magari mawili ya enzi hizohizo. Siku zote mbili alikuwa barazani kwake ananitazama huku anakunywa chai ya barafu.

"Mzee, kwa nini hukuniambia tangu jana?"

"Nilidhani unastarehe."

Mama anapiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, Marekani yote hiyo umekosa hata Vitz?" Nimjibu nini? Kwamba siti ya mbele ni kochi zima, watu watatu wanakaa bila kugusana? Kwamba likikubali, jioni, vioo vimeshushwa, hata polisi ananipungia mkono?

Basi jana nikasema nikague breki. Nikaanza upande wa dereva, ambao huku ni kushoto, nati hailegei. Nikapanda juu ya wili spana kwa miguu miwili, kilo zangu 96 zote. Nati ikalia kama mbuzi. Nikaruka. Ikakatika pamoja na bolti yake. Ndipo nikaiona herufi L kichwani mwa bolti iliyofuata: magari haya, upande wa kushoto, nati zinafunguka kwa kuzungusha kinyume. Nilikuwa nakaza tangu saa nne.

Nikainua kichwa. Mzee jirani ameshasogeza kiti hadi kwenye uzio, na glasi yake imejaa upya.