Kwetu siku 7, Ujerumani mwezi mzima

Wengi wetu tunaoishi Ujerumani tukirudi Amu, yaani Lamu ya Kenya, likizo huja na wimbo mmoja: Ulaya data za mtu zinalindwa, kwetu kila mkubwa anaichungulia simu yako. Ni ukweli nusu. Huku tangu Julai 2017 laini ya kulipia kabla haifunguliwi bila kitambulisho, na minara huandika simu imeshika wapi, kama tu nyumbani. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Mjerumani huiuliza kampuni ina data zipi zake. Huuliza kwa maandishi, na asipojibiwa huwaka.

Malte Spitz, mwanasiasa wa chama cha Kijani, aliidai kampuni ya simu ya Deutsche Telekom kumbukumbu za simu yake mpaka akaishtaki. Alipopewa zilikuwa mistari 35,830 ya miezi 6, Agosti 2009 hadi Februari 2010. Mwaka 2011 gazeti la mtandaoni la Zeit Online likazichora kwenye ramani, kila mtu akaona alikopita na alikolala.

Sasa tazama kwetu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inazitaja data za mahali waziwazi, na kanuni za 2021 zinampa mwenye kuzishikilia siku 7 tu kukujibu ukiomba kuziona, tena bila malipo. Ulaya ni mwezi, na wanaweza kujiongezea miwili. Kwa karatasi tumewapita. Kwa barua zinazoandikwa, sidhani.

Na barua yenyewe ina namna yake. Ukiandika "nipeni data zangu zote" utaletewa jina lako, nambari ya kitambulisho na labda taarifa ya M-Pesa. Mwandikie afisa wa kulinda data wa kampuni. Anwani yake hutafutwa kwenye sera ya faragha. Taja laini, ambatisha nakala ya kitambulisho, chagua kipindi kifupi, tuseme wiki 2, kisha uliza: laini hii ilishika minara gani na saa ngapi, kumbukumbu hizo mnaziweka muda gani, mmempa nani. Siku 7 zikipita kimya, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo kisheria ina siku 90. Barua pepe ya kwanza usiifute, ndiyo ushahidi wa tarehe.

Mtu wa Langoni, mtaa wa Amu, atasema, ya nini yote hayo, na barazani wanajua nilikopita tangu alfajiri? Barazani wamekuona kwa macho. Mnara haukuoni, unajua tu simu imeshika kwake. Mawimbi ya simu husafiri mbali juu ya maji, hivyo mvuvi aliye upande huu wa mkondo anaweza kuandikwa chini ya mnara wa ng'ambo, kilomita kadhaa na alipo. Katika kaunti iliyowekewa amri ya kutotoka usiku baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, mstari mmoja wa kimakosa si mzaha. Sheria inakupa haki ya kudai usahihishwe, lakini utasahihisha vipi usichokiona?

Wala usitulizwe na "data haina jina". Utafiti wa 2013 juu ya watu milioni 1.5 ulionyesha kuwa nukta 4 za mahali na wakati zinatosha kumtambua mmoja mmoja asilimia 95 yao. Hao ni milioni. Kijiji kidogo kama Matondoni je?

Upande wa kampuni, anza na programu ya swala. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba Muslim Pro ilikuwa ikipeleka lokesheni za watu kwa X-Mode, kampuni ya kuuza data za mahali, ambayo wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya kelele ikatangaza kukata uhusiano. Na kibla cha Amu hakihitaji setilaiti: ni kaskazini, kama nyuzi 2 na nusu kuelekea magharibi. Chagua mji kwa mkono, ruhusa ya mahali uinyime.

Programu nyingine zipitie moja moja: Mipangilio, Mahali, Ruhusa. Isiyohitaji, kataa; inayohitaji, iruhusu wakati unapoitumia tu, na kuanzia Android 12 uzime mahali mahususi. Hapo hupewa eneo la kama kilomita 3 za mraba. Mji wa kale wa Amu ni hekta 16 hivi, kwa hiyo Mkomani na Langoni zote humezwa humo. Ukiwa kwenye nyumba iliyo peke yake kule kijijini Kipungani, haikufichi sana. Kisha futa kitambulisho cha matangazo, ile nambari ya simu yako wanayoitumia watangazaji, maana ndicho wauzaji wa data wanachounganishia safari zako. VPN, ile inayoficha anwani yako ya intaneti, waachie wanaoijua kazi yake: haigusi GPS. Na picha ya WhatsApp ukiituma kama faili, si kama picha, inaondoka na lokesheni yake ndani.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachouzuia mnara. Kinachouzuia ni hali ya ndege, au simu kubaki nyumbani. Na kifungu cha 51 cha sheria ile ya 2019 kinaisamehe serikali panapotajwa usalama wa taifa, kwa hiyo swali la "mmempa nani" huenda likagonga ukuta. Ndiyo maana maswali yale huandikwa kwa nambari, kila moja peke yake: la tatu likikataliwa, mawili ya kwanza bado yanadaiwa.