Kamlipuko ka juani si kadogo

Mchomeleaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, akikata bomba kwa mashine yake ya kusaga chuma, cheche zinamrukia mkononi wala hashtuki. Cheche ina digrii zaidi ya 1,000, lakini ni kichembe. Haichemshi hata tone la maji. Korona ya jua (si ile ya barakoa), yaani tabaka lake la nje, iko hivyo: plazima (gesi yenye chaji za umeme) nyembamba mno, yenye digrii zaidi ya 1,000,000, ilhali uso wa jua ulio chini yake una kama 5,500. Ukijitenga na mbabula unapoa. Kule ukijitenga ndiyo unaungua. Nani anaipasha moto korona?

Wapo wanaosema ni mawimbi ya sumaku. Mwanafizikia Hannes Alfvén aliyatabiri mwaka 1942, na 2007 chombo cha Wajapani, Hinode, kikaonyesha nyuzi za sumaku zikitikisika. Hoja nzito, siikatai. Ila vipimo vya 2011 viliyakuta yanatosha sehemu tulivu, si juu ya madoa ya jua, penye moto wenyewe.

Mwanafizikia Eugene Parker, mwenye hoja ya milipuko midogo, "nanoflare", ameponzwa na jina. Mwaka 1988 alieleza kuwa uso wa jua unaotokota unazisuka nyuzi za sumaku kama nywele, mpaka zinakatika na kuungana upya, kila mara kwa mlipuko ulio sehemu moja ya bilioni (ndiyo "nano") ya mlipuko mkubwa wa jua. Watu wakisikia "nano" wanawaza kiberiti. Haya, tupige hesabu: ni sawa na baruti tani milioni 24. Bomu la Hiroshima, ambalo urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe, hapo tu karibu na Likasi, lilikuwa tani 15,000. Kamlipuko kamoja, basi, ni Hiroshima 1,600 hivi! Na korona inahitaji milipuko hiyo maelfu kila sekunde.

Kasoro ipo: ukijumlisha milipuko inayoonekana, haitoshi. Lakini mwaka 2014 FOXSI, roketi ya kuchunguza jua, ilikuta plazima ya digrii zaidi ya milioni 10 juu ya eneo lenye madoa, bila mlipuko wowote wa kuonekana: dalili ya milipuko midogo isiyoonekana. Hapo mimi namsikiliza Parker. Mwaka 2020 chombo cha angani, Solar Orbiter, nacho kikapiga picha za vimuliko vilivyoitwa mioto ya kambi, eti kwa udogo wao. Vile vidogo kabisa vina kilomita 400. Kutoka hapa hadi Kolwezi hazifiki hizo.